Baiskeli kwa Akina Mama wa Kalinzi

Sababu ya safari yangu ilikuwa simu ya Leokadia. Nilisoma naye chuo cha ualimu, chumba kimoja, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini. Tulipomaliza alirudi kwao Kigoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Kalinzi. Mimi nilibaki Morogoro nikifundisha jiografia. Leokadia alijua kwamba mimi na wenzangu wachache tuna kikundi cha baiskeli za milimani. Mara moja kwa mwaka tunapanda njia za Uluguru. Kabla ya siku hiyo kila mpandaji huwaomba ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wachangie safari yake, na kinachopatikana tunakipeleka penye shida. Tumewahi kuezeka darasa. Tumewahi kununua magodoro ya wodi.

"Eva," aliniambia, "njooni mpande huku kwetu. Milima ipo, na shida ipo."

Shida yenyewe alinieleza vizuri. Vijiji vya huko viko juu ya matuta, na zahanati iko mbali na wengi. Mjamzito akishikwa na uchungu hubebwa na wanaume kwenye machela ya mianzi, wao huiita ingobyi, tena kwa saa nyingi. Wanakijiji walikuwa wamejenga kuta za nyumba karibu na zahanati ili akina mama waje kukaa hapo wiki za mwisho na kusubiri siku zao. Kuta zilikuwa zimesimama mwaka wa pili bila paa.

Nikakubali. Nikaandika tangazo mwenyewe, nikamtumia Leokadia kwenye simu alisambaze: BAISKELI KWA AKINA MAMA WA KALINZI. NJOO TUPANDE MILIMA PAMOJA. Nililisoma mara tatu kabla ya kulituma, nikaliona zuri. Ninalitaja hapa mapema ili msomaji ajue kosa lilianzia wapi, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kujua.

Tuliondoka Morogoro watu watano kwa treni ya reli ya zamani, baiskeli zikiwa zimefungwa magunia kwenye behewa la mizigo. Sitaeleza sana njia ya reli. Dodoma ilipita, Tabora ikapita, tukala mihogo, karanga na asali ya vituoni, tukalala tumekaa. Siku ya tatu asubuhi abiria wote walihamia madirisha ya upande mmoja. Nikachungulia nami. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa jua, na ng'ambo yake milima ya Kongo kama michoro ya penseli. Nimefundisha ziwa hilo miaka kumi na minne, kina chake na bonde lake la ufa. Nilipoliona sikukumbuka hata sentensi moja ya kufundishia.

Kigoma, stesheni, mambo yalianza kunichanganya. Mwanamke aliyekuwa anauza migebuka, samaki wa ziwa hilo, ya kukaanga alitazama magunia yetu yakishushwa, akaniuliza, "Ndizo hizo za akina mama?"

"Ndizo," nikajibu kwa furaha, nikijua tangazo limefika mbali.

"Mungu awabariki. Na sisi wa mwaloni, huku kwa wavuvi, mtatukumbuka lini?"

Sikuelewa. Nikamwambia mwakani, Mungu akipenda. Akanipa kipande cha mgebuka bure.

Mchana huo tulipeleka baiskeli Ujiji kwa fundi. Mbili zilikuwa zimepinda gia kwenye treni, na Leokadia alikuwa amenielekeza kwa mzee mmoja anayeitwa Fundi Kasongo, mwenye kibanda karibu na soko. Tulimkuta amevaa kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa waya wa spoku.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni Ujiji." Aliinua baiskeli yangu kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akashangaa. "Nyepesi hivi, inabeba nini?"

"Inanibeba mimi tu."

"Na karia iko wapi?"

"Hizi hazina karia, Mzee."

Akaniangalia kwa huruma. Kwake yeye baiskeli isiyo na karia haijaisha kutengenezwa. Alinyoosha gia kwa koleo na subira, na alipomaliza aliuliza jambo lililonikaa kichwani. "Mnazigawa lini, kesho kutwa?"

Nilidhani anasema mnazikagua. Kulikuwa na mashine ya kusaga jirani yake na kelele nyingi. Nikasema ndiyo, kesho kutwa asubuhi, kabla ya kuondoka. Akatikisa kichwa taratibu, akasema basi na yeye atakuja, apande nasi na baiskeli yake mwenyewe, ashuhudie. Tukafurahi. Tulitaka wenyeji; Leokadia alikuwa ametupatia watano wenye baiskeli zao, na pamoja naye walitimia sita.

Siku iliyofuata tulikwenda Simbo na kurudi, kuzoesha miguu. Njia ni ya mashamba, na watu walitusalimia kwa bidii isiyo ya kawaida. Wanawake waliacha majembe wakaja barabarani kuzigusa baiskeli. Mmoja alikaa juu ya baiskeli yangu, akajaribu breki, akasema kiti kirefu. Nikamshushia kiti ili ajaribu tena, na baadaye nikakiacha hivyo kwa ajili ya miteremko. Leo nikikumbuka nilivyomshushia kile kiti nikicheka naye, natamani ningekuwa nimeuliza swali moja tu.

Siku ya kupanda tuliondoka Ujiji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulipita mjini, tukapanda hadi Mwandiga, na hapo badala ya kufuata lami ya kwenda Manyovu tukaingia njia za miguu ambazo Leokadia alikuwa ameziwekea alama kwa vitambaa vyekundu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Saa ya kwanza ilikuwa raha: migomba pande zote, udongo mwekundu mgumu, na kila tukigeuka ziwa linaonekana kubwa zaidi. Fundi Kasongo alikuwa na baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia hata moja. Kwenye mpando alishuka akasukuma bila aibu, na alikuwa akitufikia kila tulipopumzika.

Mnamo saa tatu ukungu ulishuka. Kwanza ziwa lilipotea, kisha mabonde, kisha vitambaa vyekundu. Baadaye tulijua kwamba vitambaa vinne vilikuwa vimefunguliwa na wapita njia walioona ni vizuri kwa kufungia mizigo, na siwezi kuwalaumu. Tulifika njia panda ya njia tatu. Nikatoa simu, ramani ilituonyesha tuko katikati ya eneo la kijani lisilo na njia yoyote.

Akatokea mzee mwenye panga na mzigo wa majani. "Mwakeye," nikamsalimu, Kiha pekee nilichokuwa nimefundishwa. Akajibu kwa maneno mengi. Nikamuuliza njia ya Kalinzi. Akaonyesha kushoto. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake na beseni la dagaa kichwani akaonyesha kulia.

"Mzee, wewe unasikia Kiha," nikamwambia Fundi Kasongo. "Wanasemaje?"

"Mimi Mmanyema, mwanangu. Kiha changu ni cha kununulia ndizi."

Tulifuata kushoto, tukafika kanisani. Tukaambiwa hapa ndipo Kalinzi, lakini Kalinzi mnayoitaka siyo hii. Tukarudi, tukafuata kulia, tukafika kwenye mtambo wa kukoboa kahawa. Huko nako walituambia tumefika, wakatukaribisha viti, na mtu akaanza kuhesabu baiskeli kwa kidole huku akiandika kwenye daftari. Nilimuuliza anaandika nini. Akasema, "Kumbukumbu tu, Mwalimu." Nilikuwa mwalimu wa jiografia niliyepotea mchana kweupe, jasho limenigandia kwa baridi, na kila niliyekutana naye alionekana kujua jambo kuhusu mimi ambalo mimi silijui.

Saa sita na nusu tuliiona zahanati. Nyumba isiyo na paa ilikuwa pembeni yake, na mbele yake wanawake wengi sana, labda wote wa matuta yale, wamevaa vitenge vya sare. Vigelegele vilipigwa. Kabla sijavua kofia ngumu, wanawake kumi na mmoja walijitenga na kundi, kila mmoja akamwendea mpandaji wake, akapokea baiskeli kwa mikono miwili na kwa kupiga goti kidogo, akaisukuma hadi kwenye ukuta, akaiegemeza, akasimama nayo. Ilifanyika vizuri, kama kitu kilichofanyiwa mazoezi. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja mikono mitupu.

Fundi Kasongo peke yake hakuachia yake. "Hii ni yangu," aliniambia kwa sauti ya chini, akiwa ameshika usukani upande mmoja na mama mmoja ameshika upande wa pili. "Nimekuja kushuhudia. Waambie."

Ndipo nilipoelewa. Baiskeli kwa akina mama.

Leokadia alikuja mbio kutoka shuleni. Nilimvuta pembeni. "Leokadia, wanadhani tumekuja kugawa baiskeli."

Akatazama baiskeli zilizoegemezwa ukutani. "Nilisikia sikia," akasema. "Nikasema labda mmebadilisha mpango. Niliona aibu kuuliza."

"Wewe pia?"

"Tangazo ni lako, Eva."

Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, Mama Yustina, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa tayari amesimama kutoa shukrani. Nikamwomba nitangulie kusema. Nilisema kwa Kiswahili, Leokadia akatafsiri kwa Kiha. Nikasema tunaomba radhi, kwamba baiskeli ni zetu, tunazipanda tu, na watu wetu nyumbani wanachanga kwa sababu tumepanda, na mchango ni wa paa. Leokadia alitafsiri. Kisha uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na makofi.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Ulichosema wewe."

"Mbona wanafurahi?"

Mama Yustina alinijibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Mwalimu, baiskeli kumi na moja, sisi tuko zaidi ya mia. Tumekaa vikao wiki nzima. Watu wamenuniana, mtu na wifi yake hawasemezani. Wale kumi na mmoja tuliwachagua kwa kura jana, tulipopata idadi yenu, na kura yenyewe imeleta maneno. Sasa hakuna aliyepata. Tumepona."

Lakini mama mmoja mzee aliyekaa chini mbele hakuwa anacheka. Aliuliza kitu kwa Kiha, na Leokadia akanigeukia.

"Anasema hajaelewa. Mtu anapanda mlima, halafu mwenzake aliyekaa nyumbani anatoa pesa. Kwa nini asitoe tu? Mlima unaongeza nini?"

Watu wakanitazama, bila ubaya, walitaka kujua. Nilitaka kusema kwamba safari inawakusanya watu, inawafanya wakumbuke, jasho la mmoja linamgusa mwingine. Nikayaona maneno hayo yakisimama mbele ya mwanamke ambaye hupanda mlima huo kila siku na mzigo kichwani, na hakuna anayechangia chochote kwa sababu hiyo.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Kwa kweli sijui."

Leokadia akatafsiri. Yule bibi akasema "Ego," yaani ndiyo, kana kwamba nimejibu vizuri, tukaitwa kula.

Tulikula ndizi na maharage, tukanywa kahawa ya pale pale. Wakati wa chakula niliona mtu mmoja amekuja akihema, akainama kumnong'oneza mwanamke mfupi aliyevaa fulana ya bluu. Yule mwanamke akaacha sahani yake nusu, akaondoka. Sikutia maanani.

Saa tisa lori letu la kurudi mjini, tuliloomba lije baadaye kwa kuwa tulichelewa, lilifika kwa njia ya lami. Tukaanza kupakia. Tukahesabu, zikawa kumi. Tukahesabu tena. Iliyokosekana ilikuwa yangu.

Niseme ukweli: niliwaza wizi. Baiskeli ile niliinunua kuukuu baada ya kujinyima miaka mitatu, nikaibadilishia kiti, breki na minyororo miwili kwa mikono yangu. Nilizunguka zahanati, nikaingia ndani ya kuta zisizo na paa, nikachungulia hata migombani. Niliwatazama watu waliokuwa wamenilisha muda mfupi uliopita, nikawa napima nyuso zao. Fundi Kasongo aliniona, akasema, "Mwanangu, punguza macho." Nikaona haya.

Mama Yustina alikuja akifuta mikono kwa kitenge. "Haijaibiwa, Mwalimu. Imekwenda kazini."

Akaeleza. Yule mwenye fulana ya bluu ni Sabina, mhudumu wa afya wa kujitolea, anayetembelea wajawazito wa matuta yote kwa miguu. Mtu alikuwa ameleta habari kwamba mama mmoja upande wa pili wa bonde anatoka damu kabla ya siku zake. Sabina alijifunza baiskeli alipokuwa akiishi kwa dada yake Kasulu. Akatazama ukutani, akaona moja iliyoshushwa kiti, inayomtosha.

"Atarudi saa ngapi?"

"Akimaliza."

"Lakini lori linaondoka. Kesho tuna treni."

"Ego," Mama Yustina akasema. Hakuomba radhi, wala hakunihimiza kufurahi.

Tulisubiri hadi saa kumi na moja kasoro. Dereva alikuwa ameshapiga honi mara nne. Nilisimama ukingoni mwa tuta nikitazama bonde. Ukungu ulikuwa umeondoka, na njia nyingi nyembamba zilikuwa zinapanda na kushuka upande wa pili, na juu ya njia hizo watu wadogo wadogo, hakuna hata mmoja mwenye baiskeli. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namwombea yule mama nisiyemjua, na yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja bila kupungua. Nikapanda lori.

Asubuhi yake, tukiwa stesheni Kigoma tumeshapakia mizigo, Leokadia alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Sabina alimkuta yule mama amelala chini, amelowa. Alimfunga vitenge vikavu, akaita wanaume wa ingobyi. Walipokuwa wanajiandaa alitangulia kwa baiskeli hadi barabara ya lami, akasimamisha gari dogo la mizigo lililokuwa likipeleka ndizi mjini, akalizuia mpaka walipomfikisha mgonjwa. Walimwahisha hospitali.

"Mama amepona," Leokadia akasema. "Mtoto hatukumpata."

Nikakaa juu ya sanduku la mtu. Honi ya treni ililia, wenzangu wakaniita. Nikamwambia pole. Akaniambia asante, na msalimie mume wako.

Tukaanza safari ya kurudi. Wenzangu walisema nimeokoa maisha. Nikawaambia sikuokoa, nilikuwa nakula ndizi. Walidhani ni unyenyekevu. Kisha niliwaza yule mtoto, nikajiuliza kama nyumba ile ingekuwa na paa mwaka jana, mama yake angekuwa amelala hapo, hatua thelathini kutoka kwa muuguzi, bila kuhitaji baiskeli ya mtu. Nikajiuliza pia kama tungefika saa nne asubuhi kama tulivyopanga, tukaondoka saa sita, Sabina angepanda nini. Kila nilipojaribu kupanga hesabu ya mema na mabaya ya siku ile, ilinivurugika mikononi.

Nyumbani Morogoro tulifanya kikao cha kufunga safari. Michango ilitosha paa, na mabati yalifika Kalinzi kabla ya mvua. Leokadia alinitumia picha, Mama Yustina amesimama mlangoni kama mwenye nyumba. Taarifa ya kikundi niliiandika mimi. Baiskeli yangu sikuidai tena; kwenye sehemu ya misaada mingine niliandika: baiskeli moja imetolewa kwa mhudumu wa afya. Wanachama wakapiga makofi. Mkuu wangu wa shule alinisifu mbele ya wanafunzi. Nilitabasamu, na tabasamu lile lilinichosha kuliko mlima.

Nilichojifunza katika safari hii si kingi, na sina uhakika nacho chote. Nimejifunza kwamba tangazo asomewe kwanza yule linayemhusu. Nimejifunza kuuliza mtu anaposema jambo nisilolielewa, hata kama mashine ya kusaga inalia. Kuhusu swali la yule bibi, bado natafuta jibu, na mwaka huu kabla ya kupanda Uluguru tumelisoma kwa sauti mbele ya wapandaji wote. Wawili waliamua kubaki nyumbani na kuchangia tu, nami sikuwazuia.

Wiki chache baada ya kurudi nilipata namba ya Sabina, nikampigia. Tulisalimiana. Aliniambia mnyororo unaruka kwenye gia ya tatu, nikamweleza jinsi ya kukaza. Aliniambia Fundi Kasongo amemtumia karia kutoka Ujiji, ameifunga kwa boliti. Nikacheka. Kisha nikamuuliza jambo lililonifanya nimpigie.

"Sabina, siku ile, ulijuaje kwamba ningekubali?"

"Sikujua, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana sikuuliza."

Alikuwa na safari, akaaga. Nilifungua taarifa ya kikundi, nikatafuta ule mstari, nikafuta neno "imetolewa", nikaandika "imechukuliwa". Nikaituma upya kwa wanachama wote.